Mlango wa Lamu na Mabenchi ya Kyuso

Masomo: Kutoka 31:1–11 na Habakuki 2:9–11

  Ninyi mlio jikoni mkingoja chai ichemke, ninyi mlio njiani kwenda kazini, nanyi mlio wagonjwa mkitusikiliza kutoka vitandani mwenu, Bwana awe nanyi. Sisi wa Kyuso hatujambo, ila jua ni kali, na macho yetu yako mawinguni kama ilivyo desturi yetu.

Asubuhi ya leo tumewaletea habari ya safari. Tunaomba radhi mapema, kwa kuwa safari hiyo ilianza kwa furaha ikatufikisha kwenye aibu, na aibu yenyewe ni yetu sisi tunaosema nanyi, wala si ya mtu mwingine.

Zamani tulipokuwa katika chuo cha theolojia, mwalimu wetu mmoja alikuwa na kitabu chenye picha za miji midogo ya Italia iliyojengwa vilimani katika Zama za Kati. Mmoja ulikuwa Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko, yule aliyefariki mwaka 1226. Tuliona nyumba za mawe, vichochoro vyembamba vya kupanda na kushuka, na mafundi wameketi milangoni na kazi zao magotini. Tulizikodolea macho picha zile tukasema, heri watu wale wenye kuishi na mambo ya kale namna hiyo. Haikutujia akilini kwamba katika Kenya yetu uko mji mdogo wa mawe wenye umri wa zaidi ya miaka 700, wenye vichochoro vyake na mafundi wake, na watu wangali wanaishi ndani yake. Mji huo ni Lamu. Mtu huweza kutamani embe la jirani na mwembe umesimama nyuma ya nyumba yake.

Basi, kanisani kwetu kiko kikundi cha kazi za mikono. Akina mama husuka vyondo vya katani, na wanaume wachache huchonga vijiko, vigoda na mizinga ya nyuki. Sisi Wakamba si wageni wa patasi. Ni nani katika Ukambani asiyesikia habari za Wamunyu, na za Mutisya Munge, aliyerudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza akiwa amejifunza kuchonga huko Tanganyika, akawafundisha watu wa kwao, hata vinyago vya Wakamba vikauzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo? Wala si wageni wa pwani. Wazee wetu walishuka Mombasa na misafara ya pembe za ndovu muda mrefu kabla ya reli, na Krapf, mmisionari wa C.M.S., alipofika Kitui mwaka 1849 alipita katika nchi ambayo njia zake zilikwisha kukanyagwa na Wakamba.

Kikundi kilipoomba kwenda Lamu kuona jinsi mafundi wa huko wanavyofanya kazi na kuiuza, tulikubali kwa moyo. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulimwalika pia fundi seremala wa kanisa letu, yule aliyetuundia mabenchi. Alijibu kwa adabu kwamba ana kazi, hataweza. Tulishangaa kidogo, maana ni nani aliyestahili safari hiyo kuliko yeye? Lakini matwana ilikuwa inangoja, nasi tukalipita jambo hilo.

Tuliondoka Kyuso alfajiri, tukapita Mwingi, Kitui na Mutomo hadi Kibwezi, na hapo tukaingia barabara kuu ya Mombasa. Tulilala Mombasa kwa jamaa wa mmoja wetu. Siku ya pili tulipita Malindi, tukafika Garsen, na hapo tukavuka Mto Tana. Ni mto ule ule upitao kaskazini mwa Kyuso, lakini huku chini ni mpana, na maji yake ni mekundu. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mzee ambaye sote humwita Mwaitu. Aliyatazama maji yale muda mrefu kisha akasema, "Udongo ule ni wa mashamba yetu." Hakuna aliyecheka. Tangu hapo tukapita Witu, askari wakisimamisha gari mara kadhaa kuangalia vitambulisho, nasi tukiwashukuru, hata tukafika Mokowe, tukapanda mashua. Watano kati yetu walikuwa hawajapata kupanda chombo cha maji maishani mwao. Nyimbo za kitabuni ziliimbwa kwa bidii ambayo hatujaisikia hata siku ya Pasaka.

Msikilizaji, mji wa Lamu umekaa kwenye mwinuko unaoanza ufukweni. Vichochoro hupanda kutoka baharini kuelekea juu, na vingine ni vyembamba hata watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake huchukuliwa na boriti za mkoko, na kwa sababu mti wa mkoko hauna urefu mwingi, vyumba vikawa virefu na vyembamba; hivyo mti ndio uliompimia mwenye nyumba upana wa chumba chake. Ndani, kutani, mafundi wa kale walichonga safu za vidaka vya lipu vya kuwekea vyombo na mapambo. Mwaka 2001 mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Magari karibu hayamo. Mizigo yote ni ya punda na mikokoteni, na hapo akina mama zetu wakajiona wako nyumbani, kwa kuwa Kyuso nako punda ndiye mletaji wa maji.

Ni mji wa Waislamu tangu zamani, nasi tulikwenda kama wageni wanaojua kwamba wako kwa watu. Akina mama walijitanda leso vichwani bila kuambiwa. Tulipokelewa vizuri kuliko tulivyotazamia, na hatukuulizwa hata mara moja tunatafuta nini.

Siku ya kwanza tulikwenda Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, kwa watu waundao majahazi na mashua. Pale ufukweni tuliona chombo kimesimama juu ya magogo, mbavu zake zikionekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Fundi hana karatasi ya ramani. Ramani iko katika jicho lake na katika mkono wake wenye tezo. Chombo kikiisha kupigwa mbao, hukalafatiwa, yaani nyuzi za pamba hushindiliwa katika kila ufa ili maji yasiingie. Kisha ubao hupakwa mafuta ya papa, nayo mafuta hayo yanaitwa sifa. Tuliposikia hivyo tulicheka, maana sisi kazi yetu kila Jumapili ni kusema habari za sifa, lakini za kwetu hazina harufu kama ile. Mzee mmoja wa Matondoni alituambia kwamba chombo kisichopakwa sifa huliwa na wadudu wa baharini kwa ndani, huku nje kikionekana kizima. Tuliandika maneno hayo katika daftari tukidhani tumepata mahubiri. Kumbe mahubiri yalikuwa yanatungoja mjini.

Siku ya pili tulikwenda kuona wachonga milango. Karakana iko chini ya nyumba ya zamani, mlango wake umefunguka kichochoroni, na maranda ya mbao yametapakaa hata nje. Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka yapata 70, amevaa shuka na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Alipotuona tumesimama nje tukisitasita aliita, "Ndoo, ndoo!" Kijana wetu mmoja akatazama huku na huku akitafuta ndoo ya maji ampelekee. Ndipo tukaelezwa kwamba kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitikia, "Marahaba, wageni wangu, karibuni," akatupa magogo ya kukalia.

Alikuwa anamalizia mlango wa mbao mbili. Katikati ya mlango wa namna hiyo husimama nguzo iliyochongwa, iliyoshikamana na ubao mmoja, na jina lake ni mfaa. Juu ni kizingiti chenye nakshi za maua na majani, na kando ni miimo miwili yenye nakshi kama mnyororo unaoshuka. Ubao ulikuwa mbambakofi, mti mgumu hata patasi hulia unapougonga. Alifanya kazi akizungumza nasi, nyundo ndogo ya mti mkononi, na hakuna pigo hata moja tuliloliona limekwenda kombo. Tulimwuliza amejifunza kwa muda gani. Alisema miaka sita alikaa kwa mwalimu wake, na mwaka wa kwanza wote hakuruhusiwa kuchonga kitu cha mtu; kazi yake ilikuwa kunoa patasi na kufagia. Vijana wetu walitazamana.

Kisha alitueleza jambo ambalo ndilo lililotufanya tuje mbele yenu asubuhi ya leo. Alituonyesha kwamba milango ya kale haina bawaba. Kila ubao una kigingi juu na kigingi chini, navyo huingia katika matundu ya kizingiti na ya kiunzi cha chini, na mlango huzunguka hapo, mti juu ya mti. Mwaitu akamwuliza, "Mzee, haupigi kelele?" Yule mzee akaweka nyundo chini. Akasema, "Mamangu, marehemu mwalimu wangu alikuwa na neno lake. Alikataa kuusimamisha mlango mpaka hesabu imekwisha. Alikuwa akisema, mlango ambao fundi wake hajalipwa utalia. Utautia mafuta, utalia. Utaupunguza kigingi, utalia. Kila ukiingia nyumbani mwako utakusemesha."

Tulicheka sote, naye akacheka. Kisha, bila kukusudia lolote, kwa uungwana tu wa mwenyeji anayetaka kujua habari za mgeni, akauliza, "Na nyinyi kanisani kwenu mnakalia nini?"

Tukajibu kwa fahari kwamba tunakalia mabenchi, tena mazuri, 14, ya mkaratusi.

"Ameyaunda mtu wa kwenu?"

"Naam, fundi wa hapo hapo kwetu."

"Mashaallah. Na mmemtimizia haki yake?"

Msikilizaji mpendwa, kuna kimya ambacho hata mtoto hukielewa. Mweka hazina wetu alikuwa akiangalia viatu vyake. Sisi tuliangalia maranda ya mbao pale chini. Mzee aliona, akaokota nyundo yake, akaendelea na kazi kama mtu ambaye hakuuliza neno. Ustahi wake ulituumiza kuliko kama angetukemea.

Sasa tuwaambie habari yenyewe. Tulipatana na fundi wetu shilingi 3,000 kwa kila benchi, jumla 42,000. Mbao alinunua yeye. Alipoyaleta tulimpa 22,500, na zilizobaki tukamwahidi baada ya mavuno. Mavuno hayakuja, mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini. Msimu uliofuata tukasema tena baada ya mavuno. Alikuja mara mbili, kisha akaacha kuja. Katika mkutano mmoja wa kamati mtu akasema kwamba yule ni mshirika wetu na kazi ni ya Mungu, basi sehemu iliyobaki na ihesabiwe kuwa sadaka yake. Tulikubaliana upesi sana. Watu hukubaliana upesi wanapogawa mali ya mtu asiyekuwapo.

Na hayo si mabaya yote. Siku ya Shukrani ya Mavuno tulisimama mbele ya kanisa, tukiwa tumevaa kanzu na stola, tukamwita fundi kwa jina, tukamshukuru mbele ya watu kwa kujitolea mabenchi kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Alisimama, akainamisha kichwa, akaketi. Angefanya nini? Angesimama katikati ya vigelegele aseme, "Mchungaji, ninawadai"? Tulimlipa makofi kwa shilingi 19,500. Hiyo ndiyo habari, na aliyesema maneno yale madhabahuni si kamati, ni sisi.

Usiku ule Lamu usingizi ulitupita. Karibu na alfajiri mwadhini alianza kuita watu wake kwenye sala, tukawasha taa, tukafungua Biblia mahali pa Kutoka sura ya 31. Tulitaka kusoma habari za Bezaleli kwa sababu ya yale tuliyoyaona katika karakana. Ninyi mnaijua habari hii. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, akamjaza Roho wa Mungu, ili achonge mti, akate vito, na kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, na pamoja naye Oholiabu wa kabila la Dani. Tazama vizuri, msikilizaji. Bezaleli si nabii wala kuhani. Ni fundi. Tangu mwanzo wa Biblia hata hapo hatujasikia Mungu akisema kwa kinywa chake kwamba amemjaza mtu fulani, kwa jina lake, Roho wa Mungu. Haruni kaka yake Musa hakupewa neno hilo. Amepewa mwenye patasi.

Hata Bwana wetu, watu wa Nazareti walimjua kwa kazi yake. Marko sura ya 6 humwita seremala. Neno la Kiyunani lililotumika pale ni tekton, na chuoni tulifundishwa kwamba ni neno pana, ni fundi wa mbao na wa kujenga pia. Nazareti wenyewe ulikuwa mji mdogo kilimani, na mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapo Herode Antipa alikuwa anaujenga upya mji wa Sepphoris, mahali ambapo mafundi wa vijiji vya jirani wangeweza kupata kibarua. Biblia haisemi Yesu alikwenda huko. Lakini aliishi kati ya watu waliokula kwa mikono yao, na mifano yake imejaa habari za ujira, za mwenye shamba na vibarua, za dinari inayolipwa jioni jua likituliza miguu.

Tukaendelea kusoma Kutoka sura ya 35, pale vitu vya kujengea hema ya kukutania vinapoletwa. Tukaona kile ambacho tumekisoma miaka yote bila kukiona. Kila aliyeleta, ameleta kwa moyo wake mwenyewe uliompa kupenda. Musa hakukaa na wazee akaandika kwamba fulani ametoa. Kama mtu hakusema, "Ninatoa," basi hakuna sadaka hapo, hata kamati ipige muhuri.

Mwisho tukafika kwa nabii Habakuki, sura ya 2. Anamwambia mtu aliyejijengea nyumba kwa faida mbaya kwamba jiwe litapiga kelele ukutani, na boriti itoe jibu kutoka mtini. Tulipoyasoma maneno hayo katika nyumba ya mawe yenye boriti za mkoko, tulifunga kitabu. Mwalimu wa yule mzee wa Lamu hakuwa amesoma Habakuki. Yalimtosha aliyojifunza kwa mti.

Tuwaambie pia jambo la kuchekesha, kwa kuwa Mungu hatunyimi kicheko. Mabenchi yetu hulia kweli. Watu wakipiga magoti kwa Maungamo, kanisa zima husikia benchi la tatu kutoka nyuma likitoa sauti, maana lina mguu mmoja usiokaa sawa. Tumelalamika juu ya benchi hilo mara nyingi. Tulikuwa tunasema fundi alifanya haraka.

Tuliporudi Kyuso tuliita baraza la kanisa. Mzee mmoja akapinga, akasema mtu ameshashukuriwa hadharani, na kulirudia jambo hilo ni kumtia aibu mchungaji. Tukamwambia aibu hiyo tayari tunayo. Mwingine akasema fedha hazipo. Hapo Mwaitu aliinuka. Yeye hakusoma sana, lakini Biblia anayo moyoni. Alitukumbusha Daudi na kiwanja cha Arauna, katika 2 Samweli sura ya 24. Arauna alitaka kumpa mfalme kiwanja bure, na ng'ombe, na kuni, na Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. "Na yule," akasema Mwaitu, "alikuwa anatoa kwa kinywa chake mwenyewe. Huyu wetu hata hakutoa." Akaketi.

Fedha zilikuwapo. Tulikuwa tumechanga 31,000 za kununua vipaza sauti. Mtu mmoja alimtaja Zakayo na kulipa mara nne, na mweka hazina akashikwa na kikohozi. Tulikubaliana kutoa zile 19,500, na kuongeza 1,500 kwa ajili ya kungoja kwake. Vipaza sauti havijanunuliwa hata leo. Tunahubiri kwa koo.

Jioni ile tulikwenda kwake, sisi na mweka hazina. Alikuwa anakata mbao uani. Mkewe alitupa viti, akaleta uji. Tulieleza kwa maneno machache, maana maneno mengi ndiyo yaliyotufikisha pale. Tulimwambia kwamba tulimnyang'anya mara mbili, mara ya kwanza fedha yake na mara ya pili nafasi ya kusema. Alipokea bahasha, akahesabu, akahesabu tena. Kisha akatoa 1,500, akamrudishia mweka hazina mkononi. "Tulipatana 42,000," akasema.

Mkewe hakuwa mpole kama yeye, na tunamshukuru kwa hilo. Alituambia kwamba muhula wa pili wa mwaka uliopita waliiweka randa rehani kwa mwenye duka ili mtoto asifukuzwe shule kwa karo, na tangu hapo mumewe amekuwa akiazima randa ya jirani, akifanya kazi usiku inapokuwa haitumiki. Ndiyo sababu hakuweza kuja Lamu. Seremala bila randa! Nasi tulikuwa tumekaa juu ya mbao alizozilainisha kwa randa hiyo, tukiimba.

Jumapili iliyofuata, kabla ya mahubiri, tulisimama mahali pale pale tuliposimama siku ya Shukrani. Tuliwaambia washirika kwamba fundi hakujitolea mabenchi yale, kwamba tulisema uongo, na kwamba sasa amelipwa. Hakuna aliyepiga makofi. Yeye mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Tulitazama mlangoni mara nyingi.

Jumapili ya pili alikuja, akaketi nyuma, kwenye benchi lile lile lenye mguu mbaya. Watu walipopiga magoti likalia kama kawaida yake, akaliangalia. Siku ya Jumatatu tulikuwa kanisani tukipanga vitabu, tukamwona anaingia na randa yake chini ya kwapa. Alipindua benchi, akapima mguu kwa jicho, akasema, "Mchungaji, kazi hii ni 200." Tukatoa mfukoni, tukampa papo hapo kabla hajaanza. Akazitia mfukoni, akapiga goti sakafuni, akaanza kupiga randa. Tulisimama pale tukitazama maranda yakidondoka.

Tuombe.

Bwana Yesu, seremala wa Nazareti, tunakuomba kwa ajili ya fundi wetu na nyumba yake, kwa ajili ya yule mzee wa Lamu na patasi zake, na kwa ajili ya wote watakaokwenda leo kudai haki yao na kuambiwa warudi kesho. Wafungulie milango wanayoibisha. Nasi tulioshika fedha zao, tupe kuzipeleka kabla jua halijatua. Amina.